Fungasha Mradi Ungali Unaukumbuka

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mjini Moshi, mbele ya waandishi wa programu na wageni wao. Mvua iliwazuia wengi, nami niliahidi kuyaweka yote kwa ajili yenu. Picha za ukutani nimeziacha. Amri nilizozionyesha zimo humu humu ndani ya maneno.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama Katibu, shikamoo, na asante kwa kushuka kutoka mlimani na hali hii ya barabara. Vijana wenzangu, mambo?

Naanza na swali, na naomba mikono iinuke kwa ukweli. Nani hapa ana faili kwenye laptopu yake ambalo jina lake linaishia na neno "mwisho"? Naona. Nani ana "mwisho-kabisa"? Mwenyekiti, nakuona na wewe. Na "mwisho-kabisa-2"? Haya, shusheni mikono, tumeshafahamiana.

Mimi langu liliitwa mizani-mwisho-kabisa.zip.

Mwaka 2016 niliandika mfumo mdogo kwa ajili ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku huku kwenye miteremko yetu. Sitakitaja, maana kosa lilikuwa langu. Mkulima analeta kahawa, inawekwa kwenye mizani, kilo zinaingia kwenye kompyuta, malipo ya awali yanahesabiwa, na baada ya mnada anahesabiwa nyongeza yake. Mfumo wenyewe niliuita Mizani. Ulifanya kazi, nikalipwa, tukala ndizi, nikaondoka.

Mwaka 2019, katikati ya msimu, umeme ulikatika pale ofisini, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikafa. Nikapigiwa simu. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Usijali mama, ninayo zipu."

Nikachomeka flashi. Nikafungua zipu. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, chenye ukubwa wa kilobaiti 2. Mnakikumbuka kile kirusi cha flashi kinachoficha folda zako na kukuachia njia za mkato badala yake? Basi nilikuwa nimeibana njia ya mkato. Nilifunga kwa uangalifu mkubwa kibao kinachoonyesha nyumba iko wapi, nyumba yenyewe nikaiacha nje.

Kwenye GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo, nilikuwa na msimbo wa miezi minane nyuma, nikaanzia hapo. Lakini takwimu za msimu je? Kilo za watu je? Zilikuwa kwenye daftari la kaunta. Mama huyu mnayemwona hapa, katibu wa chama kile, tangu siku ya kwanza niliyomwekea kompyuta, aliendelea kuandika kila mzigo kwa mkono: tarehe, jina, kilo, saini au dole gumba. Usiku tatu tulikaa tukiingiza upya, yeye anasoma, mimi nachapa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya wale wakulima haikupotea kwa sababu moja tu: Mama Katibu hakuniamini.

Nikamuuliza usiku wa tatu, mama, kwa nini uliendelea na daftari? Akaniambia, "Mwanangu, daftari hata wewe ukifa nitalisoma."

Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Hata wewe ukifa nitalisoma. Mimi nilikuwa hai, nina afya, nina simu mkononi, na kifurushi changu mwenyewe kilinishinda kukisoma.

Ndugu zangu, hapo jirani Arusha, eneo la Lakilaki, kuna jengo la kumbukumbu. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimaliza kazi yake Desemba 2015. Mahakama imefungwa, majaji wamekwenda kwao, lakini mafaili yapo na yana mtu wa kuyatunza, kwa ajili ya watu watakaouliza maswali ambayo hata hayajafikiriwa. Sisi miradi yetu inapofungwa, mafaili yetu anabaki nayo nani?

Mtasema, yako GitHub. Ni sawa, hata yangu yako huko. Lakini wakubwa zangu humu ndani mnaikumbuka Google Code, ghala kama hilo hilo. Ilianza 2006, na ilikuwa ya kampuni ambayo hakuna aliyedhani ingechoka. Machi 2015 wakatangaza wanafunga, Januari 2016 ikafungwa. Bitbucket, ghala jingine, nayo mwaka 2020 iliacha kupokea miradi ya Mercurial, mfumo mmojawapo wa kutunza historia ya msimbo. Walitoa taarifa mapema, hilo niwape haki yao. Ila taarifa humfikia anayesoma barua pepe zake, na mradi uliokwisha hauna mtu anayesoma barua pepe zake.

Basi baada ya zile usiku tatu nikaandika amri moja. Inaitwa fungasha. Ni skripti ya Bash, yaani orodha ya amri zinazofuatana, haifiki mistari 60, unaiandika kwenye lile dirisha jeusi ambalo baadhi yenu mnalikimbia. Unasema fungasha v1.4, unabonyeza Enter, unakwenda kunywa chai. Sikubuni chochote. Kazi yote inafanywa na zana zilizokuwepo kabla yangu, mimi nimezipanga foleni tu.

Na zana hizo nimezichagua kwa umri. Tar ilitoka na toleo la saba la Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1979, kazi yake ikiwa kupanga mafaili moja nyuma ya jingine kwenye tepu za sumaku, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Gzip, ambayo inabana kile tar ilichokifunga, ni ya 1992. Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ni ya 2005. Ukitaka sanduku la kukaa miaka ishirini, tafuta lililokwisha kukaa miaka ishirini. Kuna programu nzuri za kubana mafaili zilizotoka juzi, zina rangi, zina kasi, nami nazipenda kwa kazi za juzi.

Sasa twende mlimani.

Nilipokuwa nangoja matokeo ya kidato cha sita nilipanda Kilimanjaro mara nne, si kwa utalii. Nilikuwa mgumu. Wageni wanatuita wapagazi, sisi wenyewe tunaitana wagumu. Mnaojua kazi hiyo mnajua kwamba getini mzigo unapimwa. Kilo 20. Ikizidi, unafungua mzigo mbele za watu na kupunguza.

Siku yangu ya kwanza, geti la Machame, mzigo wangu ulizidi. Mgumu mmoja mtu mzima akaufungua, akatoa dumu la maji la lita tano. Nilikuwa nimelificha, kwa hofu tu, nikidhani juu hakuna maji. Akaniangalia. "Dogo, unayabeba maji kuyapelekea mto?"

Nani hapa anaandika programu kwa lugha ya JavaScript? Ile folda ya node_modules, yenye vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, ndugu yangu, ni dumu lako la maji. Msimbo ulioandika wewe ni megabaiti 3, node_modules ni megabaiti 400, nawe unaibana yote na kumtumia mteja kwa WhatsApp, halafu unalaumu bando. Vifurushi vile vinashushwa tena kwa amri moja, mradi tu umebeba orodha yake na lile faili linalofunga matoleo.

Ndiyo maana fungasha haigusi folda yako kama ilivyo. Inaiambia Git ifanye kazi hiyo:

git archive --format=tar.gz --prefix=mizani-1.4/ -o mizani-1.4.tar.gz v1.4

Soma nami taratibu. Hiyo v1.4 ya mwisho ni alama niliyoiweka kwenye historia ya mradi. Git inachukua mafaili yaliyosajiliwa (commit) mpaka hapo, hayo tu. Ulichokiandika jana usiku ukasahau kukisajili hakimo, na hautaambiwa. Mimi kiliniuma mara moja, ndiyo maana fungasha siku hizi inakataa kazi kama kuna mabadiliko yaliyolala nje. Ile --prefix ni jina la folda ambamo kila kitu kitakaa. Usipoiweka, anayefungua atamwagiwa mafaili mia mbili katikati ya mafaili yake mwenyewe, na atakutaja kwa mama yako. Na usisahau ule mkwaju (/) wa mwisho. Bila mkwaju, jina linagandana na jina la faili, unapata mizani-1.4README, kitu ambacho si folda wala si faili la maana.

Kama kuna kitu kimesajiliwa lakini hukitaki kwenye kifurushi, tuseme picha nzito za majaribio, unakiandika kwenye faili la .gitattributes na neno export-ignore mbele yake. Yatosha.

Kuna jambo dogo ninalolipenda hapa, wachache wanalijua. Git ikifunga tar kwa njia hii, inaandika ndani yake namba ya usajili ule kamili uliofungwa. Miaka kumi baadaye mtu akikuletea tar hiyo imebadilishwa jina mara saba, amri ya git get-tar-commit-id inakutajia ilitoka wapi. Ni kama chapa ya ng'ombe: unaweza kumhamisha zizi, chapa anakwenda nayo.

Lakini turudi mlimani, maana safari haijaisha. Siku ya nne tuko Karanga. Yule yule aliyenitolea dumu ananiambia, jaza kila chombo. Nikashangaa, nikamwambia, si ulisema nisibebe maji? Akasema, "Mbele ni Barafu. Barafu hakuna maji."

Ni kweli, mnaoijua njia mnajua. Kambi ya Barafu haina kijito. Maji ya kupikia na ya kunywa yanabebwa kutoka Karanga, na yanabebwa kichwani.

Machi 2016 dunia nzima ya JavaScript ilifika Barafu bila maji. Kulikuwa na kifurushi kinaitwa left-pad, mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Mwenye nacho aligombana na wasimamizi wa npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, akaondoa vifurushi vyake vyote. Miradi mingi, mikubwa na midogo, ikaanza kukwama kujijenga, na wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwahi kulisikia jina la left-pad. Kwa saa chache tu, kisha kikarudishwa. Lakini fikirieni mtu anayefungua mradi wenu mwaka 2040. Mto mnaoutegemea leo, mna hakika utakuwa unapita?

Kwa hiyo fungasha ina chaguo linaloitwa --barafu. Kwa kawaida inaacha maji. Ukisema fungasha --barafu v1.4, inabeba na vifurushi vya wengine. Kwa lugha ya Python inatumia pip download na orodha ya mahitaji, kwa lugha ya Go ni go mod vendor, na kadhalika. Kinakuwa kizito. Mradi unaoendelea, acha maji. Mradi unaoukabidhi na kuondoka, beba maji. Msiniulize kilo 20 imekwenda wapi, kule juu hakuna mizani.

Sasa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, na wengi wanalipuuza. Tar niliyowaonyesha inaonyesha mradi ulipofika. Haionyeshi ulipitia wapi.

Mwaka 2021 kijana mmoja alipewa kazi ya kuuendeleza Mizani. Kijana mzuri, mwenye macho makali. Akakuta mstari mmoja unaopunguza kilo 1 kwenye kila gunia. Kila gunia! Fikirieni anavyoona yeye: mkulima analeta magunia kumi, mfumo unakula kilo kumi kimya kimya. Akaufuta mstari ule kwa hasira ya haki. Siku iliyofuata hesabu za ghala zikagoma kulingana na za mizani.

Ule mstari ulikuwa uzito wa gunia lenyewe. Gunia la katani likiwa tupu. Na sababu ilikuwa imeandikwa, tena kwa Kiswahili, kwenye maelezo ya usajili wa siku ile: "Punguza kilo 1 ya gunia tupu, katibu amepima magunia matano mbele yangu." Imeandikwa! Lakini kijana alikuwa amepewa tar peke yake, na tar haina maelezo hayo. Nilimpa mimi.

Ngorongoro, pale Laetoli, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi wakapita juu yake, yakagandamana. Miaka milioni 3.6 na zaidi kidogo. Mifupa ya kale tunayo mingi, lakini mfupa unakuambia kiumbe alikuwepo. Wayo unakuambia alikuwa anatembea vipi, anaelekea wapi, nani alikuwa pembeni yake. Na mnajua walizihifadhi vipi? Mizizi ya migunga ilikuwa inazipasua, basi miaka ya 1990 wataalamu wakazing'olea miti na kuzifukia tena. Mtu asiyejua atadhani wamezitupa.

Nyayo za mradi zinafungwa hivi:

git bundle create mizani.bundle --all

Faili moja. Ndani yake kuna historia yote, matawi yote, alama zote, kila maelezo mliyoyaandika usiku mkiwa mmechoka. Haihitaji seva, haihitaji intaneti. Anayepewa anasema git clone mizani.bundle na anapata mradi ulio hai, anaweza kuuliza mstari huu aliuweka nani na kwa nini. Amri ya kuuliza hivyo, git blame, waliipa jina la kulaumiana. Mimi nimeitumia zaidi kuomba radhi. Fungasha inatoa vyote viwili, tar na bando la historia, na hakuna chaguo la kukataa la pili. Nimeliondoa makusudi.

Tahadhari moja, naisema haraka kwa sababu ya muda. Historia haisahau. Kama uliwahi kusajili nywila ya hifadhidata kisha ukaifuta kesho yake, kwenye tar haimo, kwenye bando imo. Fungasha inatafuta funguo zinazofahamika na kupiga kelele, lakini haijui kila siri yenu. Nywila iliyowahi kusajiliwa, ibadilisheni.

Sasa nani amewahi kujaribu kufungua bakapu yake? Si kuitengeneza. Kuifungua. Naona mikono minne. Ukumbi mzima.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, ghala jingine la msimbo, aliyekuwa amechoka alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Akashtuka, akasimamisha, zilikuwa zimebaki gigabaiti chache kati ya takriban 300. Wakasema, si tuna bakapu? Walikuwa na njia kadhaa. Wakaenda kwenye ghala la bakapu za kila siku: tupu. Programu ya kuchukua nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo kila siku ilishindwa. Na je, haikutoa taarifa? Ilituma barua pepe, na barua pepe zenyewe zilikuwa zinakataliwa njiani. Walichookolewa nacho ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Saa zile sita za takwimu zikaenda. Nawasifu kwamba waliyaandika haya yote hadharani, nasi ndiyo maana tunayajua. Wangapi wetu tungethubutu?

Kwa hiyo hatua ya mwisho ya fungasha ndiyo inayochukua muda kuliko zote. Inakwenda kwenye folda mpya ya muda, inakifungua kifurushi, inakagua bando kwa git bundle verify, inajenga mradi na kuendesha majaribio yake, na kwa --barafu inafanya hivyo mtandao ukiwa umezimwa. Zamani ikishindwa ilikuwa inakifuta kifurushi. Kijana mmoja hapa Moshi akaniambia, kaka, kibovu kinaweza kuwa na kitu cha kuokoa, unakifuta wa nini? Nilibishana naye wiki nzima na nikashindwa. Siku hizi inakiongezea jina -BOVU na kukiacha.

Kikipita, sha256sum inakitolea alama ya vidole ya herufi na tarakimu 64. Ibadilike biti moja ndani ya kifurushi, alama inakuwa nyingine kabisa. Halafu weka nakala sehemu tatu tofauti, na moja iwe mbali na jengo hilo. Waliosema akiba haiozi walikuwa hawajaona flashi. Flashi ikikaa miaka bila umeme inaanza kusahau, kwa hiyo kila mwaka ichomekeni, pigeni sha256sum -c, mlinganishe na alama mliyoiandika.

Mliyoiandika wapi? Swali zuri. Ukiiweka kwenye flashi hiyo hiyo, vikiharibika vyote viwili utalinganisha nini na nini?

Mimi nilimpelekea Mama Katibu. Msimu uliopita nilipofungasha toleo jipya nilimsomea kwa simu herufi 12 za mwanzo, akaziandika, akanirudishia kunisomea, akanisahihisha moja niliyoikosea mimi. Iko kwenye daftari la kaunta, chini ya kilo za siku ile, na saini yake pembeni. Daftari amekuja nalo, liko mezani pale mbele. Atakayekuja kuliangalia aje baada ya kunawa mikono, maana nimeona mmekula sambusa.